Barua Pepe Isiyotoka: Kutafuta Kasoro kwa Utaratibu Pamoja na Wanafunzi

UTANGULIZI

Mwalimu anayepelekwa kwenye mazoezi ya kufundisha siku hizi si ajabu akakuta katika ofisi ya shule kompyuta moja ya mezani, kongwe, inayoendeshwa kwa Linux. Mfumo huo ulianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, ambaye wakati huo alikuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki nchini Ufini. Hutolewa bila malipo, na baadhi ya aina zake ni nyepesi kiasi cha kuweza kutumika katika mashine ambazo mifumo mingine imekwisha kuzikataa. Kwa sababu hiyo unazifaa shule zenye fedha kidogo. Lakini siku barua pepe itakapokataa kutoka, huenda pasiwe na fundi karibu. Mwalimu ndiye atakayeitwa.

Makala haya yana madhumuni mawili. La kwanza ni kumwonyesha mwalimu mwanafunzi njia ya kuitafuta kasoro ya barua isiyotoka pasipo kubahatisha. La pili ni kumwonyesha kwamba kazi hiyo, ikifanywa kwa utaratibu, ni somo zuri la kufikiri kwa wanafunzi wa shule ya msingi, hata pale ambapo shule ina kompyuta moja tu.

KISA CHA OFISINI

Mwaka mmoja nilimtembelea mwanachuo wetu katika shule aliyopangiwa. Nilimkuta ameketi mbele ya kompyuta ya ofisi, na wanafunzi wanne wa Darasa la Sita wamesimama nyuma yake. Alikuwa ameagizwa kutuma orodha ya alama za shule kabla ya saa kumi jioni.

"Shikamoo, Mwalimu," alisema pasipo kuondoa macho kwenye kioo. "Barua zinaingia, ila hazitoki. Nimejaribu kila kitu."

"Marahaba. Kompyuta ilikuambia nini mara ya kwanza barua ilipokataa?"

"Kilitokea kidirisha, Mwalimu. Nikakifunga."

Kwa hakika alikuwa amejaribu kila kitu, na hapo ndipo matatizo yalipoongezeka. Alikuwa ameibadili namba ya mlango wa seva, amezima usimbaji, na amelifuta jina la seva na kuliandika upya kwa makosa. Tulipoirudisha mipango ya awali na kutuma tena, kidirisha kile kilirudi, nacho kilieleza waziwazi kwamba neno la siri limekataliwa. Siku tatu kabla ya hapo neno la siri la akaunti lilikuwa limebadilishwa. Programu ilikuwa imepewa lile jipya kwa ajili ya kupokea barua, ikabaki na la zamani kwa ajili ya kutuma. Kasoro moja, kwa kubahatisha, ilikuwa imezaa nyingine tatu.

Nami nilifanya kosa langu. Kwa kuwa muda ulikuwa unakimbia, nilikishika kipanya mwenyewe nikarekebisha yote kimya kimya. Barua iliondoka saa kumi na moja, wakati taarifa ya siku ile ilikwisha kufungwa bila alama za shule hiyo. Juma lililofuata mwanachuo yule alinipigia simu kuniarifu kwamba barua imekataa tena. Nilikuwa nimeitengeneza kompyuta, lakini sikuwa nimemfundisha mtu. Wale wanafunzi wanne nao walikuwa wamejifunza kwamba mashine hutengenezwa kwa kubahatisha, au kwa kumngoja mgeni ajuaye.

SAFARI YA BARUA

Kitu kilichopotea njiani hakitafutwi na mtu asiyeijua njia. Basi tuanze na njia yenyewe.

Jambo la kwanza la kufahamu ni kwamba kupokea barua na kutuma barua ni kazi mbili tofauti. Barua zinazoingia huletwa kwa utaratibu uitwao IMAP, au POP katika akaunti nyingine. Zinazotoka hupelekwa kwa utaratibu uitwao SMTP, ambao ulielezwa na Jonathan Postel katika waraka wa Agosti 1982 ujulikanao kama RFC 821. Fikiria ofisi ya posta. Kulifungua sanduku lako kwa ufunguo wako ni jambo moja, na kumkabidhi karani barua dirishani ni jambo jingine. Kuwa na ufunguo wa sanduku hakuthibitishi kwamba karani yupo kazini.

Barua inayotoka hupita vituo vinane:

1. Programu ya barua, kwa mfano Thunderbird, huipokea barua kutoka kwa mwandishi.
2. Kompyuta hutafuta njia ya kutokea kwenye mtandao.
3. Jina la seva ya kutumia barua hugeuzwa kuwa anwani ya namba.
4. Kompyuta hubisha hodi katika mlango wa seva. Mafundi huuita mlango huu poti, na kila poti ina namba yake.
5. Kompyuta na seva hupatana juu ya usimbaji, yaani kuyageuza maandishi yawe fumbo lisilosomeka njiani. Hapa ndipo cheti cha seva hukaguliwa.
6. Mtumaji hujitambulisha kwa neno la siri au kwa kibali kingine.
7. Seva huikagua anwani ya mpokeaji na ukubwa wa barua, kisha huikubali au huikataa.
8. Seva hiyo huipeleka barua kwenye seva ya mpokeaji.

Vituo hivi viandikwe kwenye karatasi na kubandikwa ukutani karibu na kompyuta. Mtu mwenye orodha hii mbele yake hasemi tena "kompyuta imeharibika". Husema "barua imekwama kituo cha nne", na kauli hiyo ni nusu ya matengenezo.

KANUNI TATU ZA MTAFUTAJI

Kanuni ya kwanza: Usikifunge kidirisha kabla ya kukisoma. Nakili ujumbe wake neno kwa neno katika daftari, hata kama hujaelewa maana yake. Ujumbe huo ndio ushahidi wa pekee kuhusu mahali barua ilipokataliwa.

Kanuni ya pili: Uliza kwanza swali linaloondoa vituo vingi kwa mara moja.

Kanuni ya tatu: Badili kitu kimoja tu, kiandike, kisha jaribu. Kisiposaidia, kirudishe kilivyokuwa kabla ya kugusa kingine. Mwanachuo wetu angaliishika kanuni hii moja, zile kasoro tatu za nyongeza zisingalizaliwa.

UCHUNGUZI HATUA KWA HATUA

Swali la kwanza: Barua iko wapi sasa? Ikiwa imo katika folda iandikwayo Outbox, barua haijaondoka kabisa. Katika Thunderbird hali hii hutokea programu inapokuwa imewekwa kufanya kazi bila mtandao, au mtu anapobonyeza Ctrl, Shift na Enter kwa pamoja, amri ambayo huiweka barua ingoje. Ikiwa imo katika folda ya Sent, aghalabu seva imekwisha kuipokea, na tatizo liko kituo cha nane. Katika hali hiyo tazama kama kuna barua ya kurudishwa yenye maelezo. Ikiwa barua ingali katika dirisha la kuandikia, na kidirisha cha kosa kimetokea, endelea na maswali yafuatayo.

Swali la pili: Je, barua zinaingia? Hili ni swali la thamani kubwa. Ikiwa barua mpya zinaingia kwa akaunti ile ile, basi mtandao upo, na saa ya kompyuta haina kasoro kubwa. Usipoteze muda kuzima na kuwasha ruta. Ikiwa haziingii, na kurasa za intaneti hazifunguki, hiyo si kasoro ya barua bali ya mtandao.

Iko hali ya tatu ambayo huwachanganya wengi: mtandao upo, lakini karibu kila kitu chenye usimbaji kinakataa, nayo programu inalalamika juu ya cheti. Tazama tarehe ya kompyuta. Katika mashine kongwe, betri ndogo inayoitunza saa inapokufa, tarehe huweza kurudi nyuma miaka mingi kila mashine inapozimwa. Cheti cha seva huwa na siku ya kuanza na siku ya kumalizika, na kompyuta inayodhani kwamba tuko miaka kumi nyuma itakikataa kwa kuwa bado hakijaanza kutumika. Fungua dirisha la amri, andika

timedatectl

kisha usome tarehe. Ikiwa si sahihi, amri ya sudo timedatectl set-ntp true huiagiza kompyuta irekebishe saa yake kutoka katika mtandao. Dawa ya kudumu ni kubadili betri.

Swali la tatu: Je, jina la seva linajulikana? Andika

getent hosts smtp.gmail.com

ukiweka jina la seva ya akaunti yako mahali pa hilo la mfano. Kompyuta ikileta namba, jina linajulikana. Ikirudi kimya, ama jina limeandikwa vibaya, ama huduma ya kugeuza majina haifanyi kazi. Lisome jina herufi kwa herufi kabla ya kulaumu kitu kingine.

Swali la nne: Je, mlango uko wazi? Andika

nc -vz -w 10 smtp.gmail.com 587

Amri hii hubisha hodi tu, haitumi kitu. Majibu yake ni ya namna tatu. Likija neno "succeeded", mlango umefunguka. Likija "refused", umefika mahali palipo na mashine, lakini kwenye mlango huo hakuna anayepokea wageni, au umezuiwa waziwazi. Muda ukiisha pasipo jibu, aghalabu kuna kizuizi njiani kinachomeza hodi yako.

Namba za milango zina maana. Mlango 25 ni wa seva kupelekeana barua, na watoaji wengi wa huduma ya intaneti huwafungia wateja wa kawaida ili kuzuia barua taka. Mwenye kompyuta ya mezani hutumia 587 au 465. Mlango 587 huanza kwa mazungumzo ya wazi kisha huhamia kwenye usimbaji kwa amri iitwayo STARTTLS. Mlango 465 huanza na usimbaji tangu hodi ya kwanza. Namba na aina ya usimbaji lazima viende pamoja. Ukiweka 465 pamoja na STARTTLS, kila upande utamngoja mwenzake aanze kusema, na barua itakaa hapo hadi muda uishe.

Ikiwa mlango 587 hautoi jibu, unganisha kompyuta kwa mtandao wa simu ya mkononi na ujaribu tena pasipo kubadili kingine chochote. Barua ikitoka, kizuizi kimo katika mtandao wa shule, na anayeusimamia ndiye wa kuombwa afungue. Jaribio hili moja huonyesha thamani ya kanuni ya tatu.

Swali la tano: Je, mtumaji ametambuliwa? Ujumbe wenye namba 535 humaanisha kwamba seva imefikiwa, mlango umefunguliwa, lakini kitambulisho kimekataliwa. Usiguse namba za milango hapa. Zimekwisha kufanya kazi yake. Katika mipango ya faragha na usalama ya Thunderbird imo orodha ya maneno ya siri yaliyohifadhiwa. Futa mstari unaoanza na smtp, tuma tena, na programu itakuomba neno jipya. Tena, tangu tarehe 30 Mei, 2022, Google iliacha kulipokea neno la siri la kawaida kutoka katika programu za namna hii kwa akaunti za watu binafsi. Mwenye akaunti ya Gmail huchagua njia ya utambulisho iitwayo OAuth2, ambayo humfungulia ukurasa wa Google wa kutoa kibali.

Swali la sita: Je, seva imetoa sababu gani? Majibu ya SMTP huanza kwa namba ya tarakimu tatu, na tarakimu ya kwanza ndiyo yenye habari kubwa. Inayoanza na 2 ni kukubali. Inayoanza na 3 ni kusema "endelea". Inayoanza na 4 ni kukataa kwa muda, hivyo ngoja kidogo ujaribu tena. Inayoanza na 5 ni kukataa moja kwa moja, na kurudia pasipo kubadili kitu hakutasaidia. Namba 550 mara nyingi huhusu anwani isiyokuwapo au mtumaji asiyeruhusiwa. Namba 552 huhusu barua iliyozidi kipimo.

Kuhusu kipimo, ikumbukwe kwamba kiambatisho hugeuzwa kuwa herufi kabla ya kusafiri, na kila baiti 3 huwa herufi 4. Picha za megabaiti 21 husafiri zikiwa na takriban megabaiti 28. Seva yenye kikomo cha megabaiti 25 kwa barua nzima itazikataa, ingawa mwalimu anaona kwenye kioo chake kwamba hazijafika 25. Hapa pana hesabu nzuri ya uwiano kwa Darasa la Saba.

TAHADHARI

Mambo mawili yasifanywe hata kama muda unakimbia. Usizime usimbaji ili "barua ipite tu", kwa maana neno la siri na alama za watoto huweza kusomwa njiani. Wala usimtajie mtu neno la siri ili akutengenezee. Liandike wewe mwenyewe, na wanafunzi wageuke pembeni wakati huo. Watoto hujifunza adabu ya siri kwa kumwona mwalimu anavyoitunza yake.

MAANDALIO YA SOMO

Mada: Barua yetu imekwama wapi?
Muda: Dakika 40.
Lengo: Mwisho wa somo kila mwanafunzi aweze kuuliza swali linalogawa tatizo katika sehemu mbili, na kueleza kwa nini swali hilo ni bora kuliko kubahatisha.
Vifaa: Chaki, kadi nane, bahasha moja. Kompyuta si lazima.

Utangulizi (dakika 5). Mwalimu achore mstari mrefu sakafuni au uwanjani, na auwekee vituo vinane. Wanafunzi wanane wasimame, kila mmoja na kadi ya kituo chake. Bahasha ipitishwe mkono kwa mkono hadi kituo cha nane, kila mwenye kituo akisema kazi yake kwa sauti.

Igizo (dakika 20). Mwalimu amnong'oneze mwanafunzi mmoja kwamba bahasha ikifika kwake aizuie. Safari ifanywe nyuma ya pazia la kanga, darasa lisione. Kisha darasa liulize maswali yenye jibu la "ndiyo" au "hapana" tu, na idadi ya maswali iandikwe ubaoni. Mara ya kwanza watoto watataja vituo ovyo, au kimoja kimoja kwa mfuatano, na huenda wakahitaji maswali saba. Mwalimu asiwakataze. Katika raundi ya pili awaulize: "Ni swali gani litakaloondoa nusu ya vituo?" Watafikia swali hili: "Je, barua ilipita kituo cha nne?" Vituo vinane hubaki vinne, kisha viwili, kisha kimoja. Maswali matatu yametosha.

Mazungumzo (dakika 10). Darasa lilinganishe raundi mbili. Pale penye kompyuta, mwalimu aonyeshe amri ya kubisha hodi mlango 587, kisha mlango mwingine uliofungwa, watoto wasome tofauti ya majibu.

Tathmini (dakika 5). Kila mwanafunzi aandike swali la kwanza ambalo angeuliza endapo taa ya darasani haiwaki.

Katika igizo hili mwalimu ajizuie kutaja jibu. Jambo hilo ni gumu kuliko linavyoonekana, hasa kwa mwalimu ajuaye. Mkono wake ukae mbali na kipanya, na kila mtoto anapokwama aulizwe: "Tunajua nini hadi sasa? Hatujui nini?"

MAZOEZI KWA MWALIMU MWANAFUNZI

1. Barua zinaingia vizuri. Zinazotoka zinagoma, na muda unaisha pasipo ujumbe wa neno la siri. Ni vituo vipi unavyoweza kuviondoa katika uchunguzi, na utauliza swali gani kwanza?
2. Mwenzako amepata ujumbe wenye namba 535, naye anataka kubadili mlango kutoka 587 kwenda 465. Mshauri, ukitoa sababu.
3. Mwanafunzi wa Darasa la Nne amekosea hesabu ya kugawanya yenye hatua nyingi. Eleza jinsi utakavyoitafuta hatua aliyopotea kwa kutumia kanuni tatu zilizoelezwa hapa.

HITIMISHO

Zoezi la tatu halikuwekwa kwa bahati. Mwanafunzi aliyekosea hesabu yuko katika hali ile ile ya barua iliyokwama: amepita hatua kadhaa salama, na mahali fulani amezuiwa. Mwalimu anayefuta kazi yote na kuamuru "anza upya" anafanya kama mwanachuo wetu aliyebadili kila kitu. Mwalimu anayechukua kalamu na kuandika jibu mwenyewe anafanya kama nilivyofanya mimi siku ile ofisini.

Nilirudi shuleni pale mwezi uliofuata, barua ikakataa mbele yetu. Safari hii niliketi nyuma, mikono mapajani. Mwanachuo alikisoma kidirisha kwa sauti, na msichana mmoja kati ya wale wanne akanakili maneno daftarini. Ilitugharimu dakika ishirini kwa kazi ambayo ningaliimaliza kwa tatu. Tangu siku ile sikupigiwa simu tena.